Wajuzi wa magari ya kale: gari gani hili kwenye filamu bubu? Boneti imeteremka, rejeta haionekani, usukani kulia

#1 Kasiki (mleta uzi)
Wakuu salaam.

Nina kipande cha filamu bubu ya Marekani, dakika kama tatu hivi. Kichwa hakina, mwisho hakina, na yale maandishi ya katikati yanayoeleza nani kasema nini hayamo. Polisi kibao wanamkimbiza jamaa mwenye masharubu ya kubandika. Barabara ya vumbi, mitende imepandwa kwa mstari, kwenye kona kuna duka lenye kibao DRUGS. Jamaa anarukia gari, anatimua, anaishia mtaroni.

Jamaa na polisi wake siwahitaji, nataka gari. Ford T nalijua hata likiwa limepinduka, hili sio. Boneti inaanzia juu karibu na dereva halafu inateremka mpaka mbele kama sepetu, na pale ambapo magari ya wakati ule yalikuwa na rejeta ya shaba hakuna kitu. Taa mbili kubwa, matairi membamba, ringi za mbao, usukani kulia. Rangi nyeusi.

Mimi nasema Renault. Anayekataa aje na ushahidi. Picha ya skrini inagoma kupanda, nitajaribu tena usiku.

#2 Kibanda_Umiza
Siti ya mbele kabisa. Ngoja waje wenye fani.

#3 Fundi_wa_Gerezani
Mkuu usikimbilie Ufaransa, mbali huko. Marekani penyewe kulikuwa na Franklin, wa Syracuse, jimbo la New York, 1902 mpaka 1934. Injini inapozwa na upepo: haina maji, haina rejeta, haina hosi. Kuanzia matoleo ya 1911 mpaka karibu na 1920 walilivalisha boneti ya kuteremka hivyo hivyo.

Tazama springi. Franklin alifunga springi za pleti jozi jozi, moja imeinama, nyingine imebinuka, zinakutana kwenye ncha na kufanya umbo la yai. Magari mengi ya wenzake yalikuwa na nusu ya hiyo tu kule mbele. Na chasisi yake ilikuwa ya mbao, msicheke, ya mbao mpaka ndani ya miaka ya 1920. Ndiyo maana likipita kwenye makorongo linanesa badala ya kugonga. Lako linanesa?

#4 Mbongo_wa_Buffalo
Fundi kaeleza vizuri, naongeza kitu kimoja. Renault la miaka ile lilikuwa na rejeta, ila imewekwa NYUMA ya injini, karibu na miguu ya dereva. Kwa kuwa rejeta ni pana kuliko boneti, ukilitazama kwa mbele unaona imechomoza kushoto na kulia, nyuma ya boneti. Franklin halina cha kuchomoza, boneti inaishia kwenye ubao wa dashibodi basi.

Kwa hiyo swali ni moja tu: kuna masikio au hakuna?

#5 Kasiki
#3 linanesa kweli, lakini barabara ile hata trekta lingenesa.
#4 kuna kitu kipana pale nyuma ya boneti upande mmoja. Vumbi limejaa, inaweza kuwa kivuli, inaweza kuwa goti la dereva.

#6 Kibanda_Umiza
Goti la dereva 😂😂 Uzi huu nimeupenda.

#7 Bwana_Rejeta
Mnabishania mawili wakati yapo matatu. Mnamsahau Keeton wa Detroit. Aliunda magari kwa mtindo wa Kifaransa, boneti imeteremka, rejeta nyuma ya injini, kila kitu kama Renault ila limezaliwa Michigan. Alidumu muda mfupi, 1912 mpaka 1914 hivi. Bob Burman aliendesha Keeton kwenye mbio za Indianapolis za 1913, kwa hiyo sio kwamba ni gari la kufikirika.

Hapo ndipo kwenye utamu wa magari haya. Watu wanadhani Marekani ya zamani ni Ford, Cadillac na Buick. Kulikuwa na viwanda mamia kwa mamia, vingine vilikufa kabla rangi haijakauka. Wengi walikuwa wanaunganisha tu: injini wananunua Continental, ekseli Timken, wanabandika jina lao kwenye rejeta, gari limekamilika. Ukiwa huoni rejeta wala vifuniko vya ringi, utabahatisha mpaka kiama.

#8 Mtoto_wa_Ngamiani
Franklin ndiye Mmarekani pekee aliyepoza injini kwa upepo. Kama hakuna rejeta ni Franklin, tufunge uzi.

#9 Bwana_Rejeta
#8 usifunge uzi wa watu. Knox wa Springfield, Massachusetts, alipoza kwa upepo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1900. Silinda zake zilipigiliwa misumari ya chuma kuzizunguka ili joto litoke, watu wakaliita nungunungu. Na Chevrolet wenyewe walijaribu mwaka 1923 kwa mapezi ya shaba, wakaishia kuyarudisha magari kiwandani.

#10 Mtoto_wa_Ngamiani
Sawa, lakini Knox ana boneti ya kuteremka?

#11 Bwana_Rejeta
Sikusema ni Knox. Nimesema sio Franklin peke yake.

#12 Mwalimu_Optiki
Habari wanajukwaa. Nyote mmeupokea usukani wa kulia bila kuuhoji. Ngojeni niharibu starehe.

Kwanza, Marekani ya mwanzo magari mengi yalikuwa na usukani kulia, hilo sio ajabu. Ford T ya 1908 ikaja na usukani kushoto, wengine wakafuata, na ikifika 1914 au 1915 karibu wote wamehamia. Pierce-Arrow aling'ang'ania kulia mpaka karibu 1920. Kwa hiyo kulia kunaashiria gari la kabla ya 1914, ila sio hukumu.

Pili, filamu inaweza kugeuzwa. Ukiiweka upande wa pili wakati wa kunakili, kushoto kunakuwa kulia na hakuna anayeshtuka mpaka aone maandishi. Mleta uzi kasema kibao cha DRUGS kinasomeka. Vizuri, lakini je, kibao na gari vimo kwenye shoti moja? Vipande hivi vimeunganishwa na watu wengi kwa miaka mingi. Shoti moja sahihi, inayofuata imegeuzwa, inawezekana kabisa.

#13 Kasiki
Kibao kiko shoti ya kwanza. Gari kwa karibu ni shoti ya tatu. Kweli hazimo pamoja.

#14 Mama_Cherehani
Mimi magari sijui, nashona. Ila hapo kwenye kugeuza naweza kusaidia. Koti la mwanaume linafungwa upande wa kushoto ukiwa juu ya kulia, yaani tundu la kifungo liko kushoto kwa aliyevaa. La mwanamke kinyume chake. Mtazame dereva na wale polisi kwenye shoti hiyo ya tatu. Kama wote wamefunga kike, filamu imegeuzwa. Mfuko mdogo wa kifuani pia, kwa kawaida unakaa kushoto.

#15 Mwalimu_Optiki
#14 mama umemaliza. Hiyo naiba.

#16 Fundi_wa_Gerezani
Tumefika mahali fundi cherehani anatambua gari. Nchi imeendelea.

#17 Kasiki
Picha zimepanda, angalieni chini. Koti la dereva liko wazi limepeperuka, vifungo havionekani. Polisi wawili naona wamefunga kiume, wa tatu kageuka. Mfuko wa dereva wa kifuani nauona kulia, au ni mkunjo.

Kuna jambo sikulisema mwanzo. Kabla ya kuondoka, jamaa anachukua kopo na kumwaga maji kwenye gari. Filamu inaruka hapo hapo, kwa hiyo sijui anamwaga wapi hasa, ila ameinama pembeni, sio mbele.

#18 Mtoto_wa_Ngamiani
Anamwaga MAJI? Basi Franklin imekufa. Gari la upepo maji ya nini?

#19 Mbongo_wa_Buffalo
Si lazima. Hii ni vichekesho. Huenda kichekesho chenyewe ndicho hicho: bwege anatia maji kwenye gari lisilotumia maji. Mtazamaji wa wakati ule alikuwa anajua Franklin ni nini, matangazo yao yalijigamba miaka yote kwamba hayagandi wakati wa baridi wala hayachemki wakati wa joto.

#20 Bwana_Rejeta
#19 hapo unamtetea Franklin kama wakili wa familia. Maji ni maji. Keeton anakunywa maji, Renault anakunywa maji.

#21 Fundi_wa_Gerezani
Ngojeni. Nimeikuza picha ya pili. Tazameni ubao wa kukanyagia, upande wa dereva, chini ya ile spea. Kuna mtungi mfupi wa shaba wenye kifuniko cha kuzungusha, na mpira mwembamba unatoka juu yake unaelekea mbele kwenye taa.

Hiyo ni mitambo ya gesi ya taa. Chumba cha chini unaweka kabaidi, chumba cha juu maji. Unafungua koki kidogo, maji yanadondoka tone tone juu ya kabaidi, gesi inapanda kwenye mpira, unakwenda mbele unafungua kioo cha taa na kuwasha kwa kiberiti. Kama umewahi kukaa kwenye karakana ya kuchomelea ya zamani unaijua harufu yake, haisahauliki. Jamaa hamwagii injini maji, anaandaa TAA.

Kwa hiyo maji hayo hayatuambii chochote kuhusu injini.

#22 Kibanda_Umiza
Karabai! Babu alikuwa na ya baiskeli. Kweli Mzungu na babu walikuwa wanatumia teknolojia moja.

#23 Mwalimu_Optiki
#21 yanatuambia umri lakini. Cadillac ya 1912 ilikuja na stata ya umeme na taa za umeme, kazi ya Charles Kettering, na ndani ya miaka michache gesi ikabaki kwa magari ya bei nafuu na ya zamani. Gesi pamoja na usukani wa kulia, tuko 1910 mpaka 1913 hivi.

#24 Bwana_Rejeta
1912, 1913. Mwaka wa nani huo? Wa Keeton.

#25 Fundi_wa_Gerezani
Na wa Franklin. Na wa Renault. Umri haujamtoa mtu.

#26 Mpenda_Reli
Naomba kuuliza, kwa nini hakuna anayesema Stanley? Ile ya mvuke. Nayo haina rejeta mbele, na kwenye picha ya kwanza naona moshi mweupe chini ya gari.

#27 Fundi_wa_Gerezani
Stanley boneti yake ni ya mviringo, imelala, watu wanaifananisha na jeneza. Ndani yake kuna boila. Haiteremki. Halafu kuanzia matoleo ya 1915 nao wakaweka kitu mbele kinachofanana na rejeta, cha kurudisha mvuke kuwa maji.

#28 Mpenda_Reli
Nakubali umbo, ila moshi je? Na je, kuna tundu la hendeli ya kuzungushia injini mbele? Stanley haiwashwi kwa hendeli. Msilidharau: 1906 Fred Marriott alikimbiza Stanley kwenye mchanga wa Ormond, Florida, zaidi ya maili 127 kwa saa. Mvuke huo.

#29 Kasiki
Hendeli haionekani. Filamu imeruka hapo hapo anapoinama, nimeshasema. Anainama na kopo, tukirudi gari linatembea.

#30 Mpenda_Reli
Basi Stanley bado iko mezani.

#31 Mbongo_wa_Buffalo
Iko mezani wewe na nani? 😂

#32 Shabiki_wa_Nitrati
Nimechelewa. Mleta uzi umeandika rangi nyeusi. Futa hilo. Filamu za wakati ule hazikuiona rangi nyekundu. Nyekundu inatoka nyeusi, njano inatoka ya kiza, buluu inatoka nyeupe au karibu nayo. Ndiyo maana anga kwenye filamu hizi ni jeupe tupu na waigizaji wenye macho ya buluu wanatisha. Filamu inayoona rangi zote ilienea katikati ya miaka ya 1920. Gari "jeusi" la 1912 linaweza kuwa jekundu kama nyanya.

#33 Mtoto_wa_Ngamiani
Lakini si magari yote ya zamani yalikuwa meusi? Hata Ford alisema chagua rangi yoyote mradi iwe nyeusi.

#34 Shabiki_wa_Nitrati
Ford T nyeusi tupu ni 1914 mpaka 1925. Kabla ya hapo kulikuwa na nyekundu, kijani, kijivu. Na Ford sio gari zote.

#35 Mama_Cherehani
Kumbe ndiyo maana sare za polisi zile zinaonekana hivyo hivyo kila filamu. Nilidhani ni kitambaa.

#36 Msafiri_Isiolo
Wadau, niongeze la usukani. Sisi huku Kenya Ford T za zamani zilikuwa na usukani kulia kwa sababu zilitoka Ford ya Canada, ndiyo iliyohudumia makoloni ya Mwingereza. Na za Canada zilikuwa na mlango wa kweli upande wa dereva. Za Marekani zilizokuwa wazi, kwa miaka mingi mlango wa dereva ulikuwa mchoro tu kwenye bati, dereva anaingilia upande wa abiria. Ukiona mtu kwenye filamu bubu anafungua mlango wa kushoto wa Ford T ya wazi, jiulize maswali.

Na kama mnataka gari la Marekani kwenye filamu bubu iliyopigwa huku kwetu, tafuteni Simba ya 1928, ya Martin na Osa Johnson. Walipiga kambi ziwa Paradise, Marsabit, na magari yao ni Willys-Knight ya Toledo, Ohio. Injini yake haina valvu za kawaida, ina mabomba mafupi ya chuma yanayopanda na kushuka ndani ya silinda. Kimya sana, ila inakunywa oili na kutoa moshi wa buluu.

#37 Fundi_wa_Gerezani
#36 moshi! Mpenda Reli njoo uone, sio kila moshi ni mvuke.

#38 Mpenda_Reli
Wangu ni mweupe.

#39 Fundi_wa_Gerezani
Kwa maelezo ya #32, hata wa buluu utatoka mweupe.

#40 Kibanda_Umiza
Hahaha Mpenda Reli kapigwa na filamu yenyewe.

#41 Shabiki_wa_Nitrati
Tuache moshi, tusome pleti namba. Picha ya tatu, nyuma ya gari, kuna kibao. Mitende na vumbi vinanipeleka Los Angeles, na California ina utaratibu unaosaidia sana. Jimbo lilianza kutoa vibao vyake 1914, vya bati lililopakwa enameli. 1914 tarakimu nyeupe juu ya nyekundu. 1915 nyeusi juu ya njano. 1916 buluu juu ya nyeupe, na hicho cha 1916 kikatumika mpaka 1919 kwa kubandikwa kidude kipya kila mwaka: dubu 1916, ua la mpopi 1917, kengele 1918, nyota 1919.

Sasa unganisheni na rangi. Cha 1914 kitasomeka vizuri, nyeupe juu ya nyeusi. Cha 1915 ni balaa, nyeusi juu ya njano iliyogeuka kiza, unaona bamba tupu. Cha 1916 buluu inafifia kwenye nyeupe. Lako naona bamba jeupe lenye alama hafifu, na kona moja kuna kinundu.

#42 Bwana_Rejeta
Kinundu kinaweza kuwa boliti.

#43 Shabiki_wa_Nitrati
Kinaweza. Kinaweza pia kuwa dubu.

#44 Mwalimu_Optiki
Kama ni 1916 au baada, gari lina miaka mitatu, minne barabarani. Hilo halipingani na gesi wala usukani. Kampuni za filamu zilinunua magari yaliyochoka kwa ajili ya kuyatumbukiza mitaroni, nani atumbukize jipya? Gari linakupa mwaka ambao filamu HAIWEZI kuwa kabla yake. Baada yake ni wazi.

#45 Mbongo_wa_Buffalo
Mpelekeni mleta uzi Culpeper, Virginia. Maktaba ya Bunge la Marekani wamewahi kufanya mikutano huko tangu 2012, Mostly Lost, wanaonyesha filamu zisizojulikana na ukumbi mzima unapiga kelele: huyo fulani, hilo duka la mtaa fulani, hilo gari la mwaka fulani. Jengo lenyewe linaitwa Packard Campus, sijui kama wale wa magari ya Packard ndio walilijenga.

#46 Shabiki_wa_Nitrati
Sio hao. Ni David Woodley Packard, mtoto wa yule wa kompyuta za Hewlett-Packard. Packard wa magari ni James Ward Packard wa Warren, Ohio. Ingependeza kweli, ila hapana.

#47 Mpenda_Reli
Kuna mfano wa kibao cha gari kumaliza ubishi mkubwa. Ile A Trip Down Market Street ya ndugu Miles, San Francisco. Kamera imefungwa mbele ya tramu ya kebo, inateremka Market Street mpaka jengo la feri, farasi, magari na watu wanakatiza mbele bila hofu. Kwa miaka mingi iliandikwa ni ya 1905.

Mtafiti David Kiehn, wa makumbusho ya filamu bubu ya Niles, akaichimba: alitazama madimbwi ya mvua barabarani akalinganisha na hali ya hewa, akapekua magazeti, akafuata vibao vya magari kwenye daftari za usajili, akakuta ni mwaka 1906. Siku chache tu kabla ya tetemeko la tarehe 18 Aprili. Nakala ilishapelekwa New York, ndiyo maana ipo. Studio yao iliungua.

Na mkiitazama kwa makini mtaona magari yale yale yanarudi. Yanapita mbele ya kamera, yanazunguka, yanapita tena. Mtu anadhani mji ulijaa magari, kumbe ni machache yamepangwa.

#48 Bwana_Rejeta
#47 hiyo ya kuzunguka naiunga mkono, na inanipa wazo. Nani kasema lile la Kasiki ni gari MOJA? Nimehesabu spoku. Shoti ya tatu, tairi lina spoku 12. Mtaroni, tairi lililobaki juu lina spoku 10. Magari mawili! Zuri la kukimbizia, bovu la kutumbukiza, wamelipachika boneti ya bati lifanane.

#49 Fundi_wa_Gerezani
Taratibu. Yapo magari mengi yenye spoku 10 mbele na 12 nyuma, kwa sababu nyuma ndiko kuna nguvu. Shoti ya tatu unaliona tairi lipi?

#50 Kasiki
La nyuma. Mbele polisi kaziba.

#51 Fundi_wa_Gerezani
Na mtaroni?

#52 Kasiki
Mtaroni limelala ubavu, mbele na nyuma sijui ni kupi. Kuna kitu kama boneti, kuna kitu kama siti.

#53 Bwana_Rejeta
Magari mawili nasema. La kwanza Keeton, la pili lolote.

#54 Mbongo_wa_Buffalo
Kwa kuwa Pierce-Arrow ametajwa na niko Buffalo, mjini kwake, nichomekee. Hilo ndilo gari rahisi kuliko yote kwenye filamu bubu, taa zake zimeota juu ya madigadi badala ya kukaa kando ya rejeta. Herbert Dawley ndiye aliyebuni, hati yake ya hataza ni ya 1914. Jamaa huyo huyo baadaye akaingia kwenye filamu, akatengeneza ile ya dinosaria na Willis O'Brien, The Ghost of Slumber Mountain. Roscoe Arbuckle, yule mnene wa vichekesho, alikuwa na Pierce-Arrow lenye bodi ya kuagiza, gari lenyewe linamzidi ukubwa.

#55 Mama_Cherehani
Limzidi Arbuckle? Hilo basi.

#56 Mwalimu_Optiki
Turudi. Mleta uzi, hesabu ya mpaka sasa: Franklin, Renault, Keeton, Stanley kwa hisani ya Mpenda Reli, na magari mawili. Kitu kimoja kitatoa wawili kwa mpigo: picha safi ya pale boneti inapokutana na dashibodi. Hiyo nakala yako ni ya ukubwa gani? Kama imetoka kwenye utepe wa milimita 16 umepoteza nusu ya tulichohitaji. Ikipatikana ya milimita 35, hata jina kwenye kifuniko cha ringi linaweza kusomeka.

#57 Kasiki
Niliipata ikiwa faili tayari, aliyenipa naye alipewa. Nitamuuliza. Nikipata nyingine naileta hapa. Mpaka sasa mimi bado Renault, waliokuwa na pesa Marekani walikuwa wanayaagiza. William Carter alidai fidia ya Renault lake lililozama na Titanic 1912.

#58 Fundi_wa_Gerezani
Tajiri wa Titanic na jamaa wa masharubu ya gundi wapi na wapi. Na springi zangu hujazijibu.

#59 Kasiki
Springi zimezibwa na madigadi, Fundi. Nimekuza mpaka imekuwa vigae.

#60 Mtoto_wa_Ngamiani
Jamani, mmeona gari lililopaki kwa nyuma kwenye shoti ya kwanza, karibu na duka la dawa? Lina taa MOJA. Ni pikipiki ya magurudumu matatu au?

#61 Shabiki_wa_Nitrati
Taa moja! Briscoe, ya 1914. Walianza na taa moja tu, imezamishwa katikati juu kwenye fremu ya rejeta. Kuna majimbo sheria iliwagomea. Hiyo ikiwa kweli, filamu haiwezi kuwa kabla ya 1914, na dubu wangu anapata nguvu.

#62 Fundi_wa_Gerezani
Briscoe taa iko katikati. Hiyo mnayoiona iko pembeni. Hilo ni gari la kawaida limevunjika taa ya pili.

#63 Shabiki_wa_Nitrati
Limepaki kiubavu Fundi, katikati utaijuaje?

#64 Kibanda_Umiza
Polisi sita wamepita mbele ya gari bovu la taa moja na hakuna aliyeliandikia faini. Hiyo ndiyo filamu ya kubuni kuliko zote.

#65 Mtoto_wa_Ngamiani
Walikuwa na haraka, mkuu.